Maoni Yetu: Kura Nayo Isipimwe kwa Lumbesa

Mkulima wa viazi wa Nyanda za Juu Kusini hahitaji kuelezwa lumbesa ni nini. Gunia limekwisha kujaa hadi mdomoni. Mnunuzi anashona kipande cha neti juu yake, viazi vinaendelea kupakiwa, kamba inakazwa, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo wanapita, wanaonya, wanatoza faini. Wakishaondoka, neti inatolewa tena. Mkulima analalamika lakini anauza, kwa sababu shambani hakuna mizani na viazi havingoji.

Nchi yetu inagawa viti vya ubunge kwa mtindo huo huo. Bei ni moja: jimbo moja, mbunge mmoja. Kilichomo ndani ya gunia ndicho hakifanani. Wako Watanzania wanaojazana karibu laki nne na nusu kwa mbunge mmoja, na wako wanaompata wa kwao wakiwa hawafiki elfu arobaini. Tunasema wakati umefika wa kuleta mizani. Na tunayasema haya tukiwa Tosamaganga, katika Jimbo la Kalenga, mkoani Iringa, mkoa ambao siku mizani ikiletwa utapoteza kiti.

Hatuzushi jambo. Mwaka 2001 wanasayansi wawili wa siasa wa Marekani, David Samuels na Richard Snyder, walichapisha utafiti uliolinganisha mabunge ya nchi 78. Swali lao lilikuwa jepesi. Chukua sehemu ya viti inayokwenda kila eneo, ilinganishe na sehemu ya watu wanaoishi pale, kisha uone pengo lina ukubwa gani. Kwa takwimu za miaka ya 1990, Tanzania iliongoza orodha ya mabunge yanayochaguliwa na wananchi. Takriban asilimia 26 ya viti vyetu vilikuwa mahali ambapo visingekuwapo kama vingegawiwa kwa kuhesabu watu. Korea Kusini ilifuata, kisha Ecuador, kisha jirani zetu wa Kenya.

Tangu wakati huo tumehesabiwa mara tatu, mwaka 2002, 2012 na 2022, na majimbo yameongezwa zaidi ya mara moja. Hesabu ya leo ndiyo hii. Sensa ya 2022 ilikuta watu 61,741,120: Tanzania Bara 59,851,347, Zanzibar 1,889,773. Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya manane, jumla yakawa 272. Bara 222, Zanzibar 50. Ukigawanya, mbunge wa jimbo la Bara kwa wastani amebeba watu kama 269,600. Mwenzake wa Zanzibar amebeba kama 37,800. Kura ya Mzanzibari mmoja ni sawa na kura za watu saba wa Bara.

Wasomaji wengi watakomea hapo na kusema tatizo ni Zanzibar. Sisi hatukomei hapo, na tutaeleza kwa nini.

Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964 zikiwa nchi mbili. Hakuna nchi ndogo inayokubali kuungana na kubwa kwa kuhesabiana vichwa tu. Ingemezwa siku ya kwanza. Upande mdogo kupewa viti zaidi ya idadi ya watu wake ni masharti ya mapatano, na wenye mapatano hayo wanajulikana. Hata Marekani, jimbo la Wyoming lenye watu wachache lina maseneta wawili sawa na California. Malalamiko ya haki yapo: mbunge kutoka Zanzibar anapiga kura Dodoma juu ya mbolea ya ruzuku ya Kalenga, jambo lisilo la Muungano, wakati mbunge wa Kalenga hana kiti katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Yapo pia majibu: kinga kubwa ya Zanzibar haiko kwenye wingi wa viti. Iko kwenye sharti la Katiba kwamba mambo makuu ya Muungano yabadilishwe kwa theluthi mbili ya wabunge wa kila upande, ukihesabiwa peke yake. Suala hilo lina meza yake, nayo ni meza ya Katiba mpya. Tume ya Jaji Joseph Warioba iliandaa rasimu, Bunge Maalumu likaigeuza na kupitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na mpaka leo haijapigwa.

Lakini Kalenga na Mbagala hazikuungana kwa mkataba. Iringa na Mbeya si nchi mbili. Ndani ya Bara hakuna mapatano yoyote yanayoweza kueleza tofauti tunazoziona, na huko ndiko neti inakoshonwa bila mtu kuulizwa.

Tuchukue mikoa miwili jirani, inayounganishwa na barabara moja ya TANZAM. Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Iringa na watu 1,192,728. Mkoa wa Mbeya ulikuwa na 2,343,754, karibu mara mbili. Kwa muda wote wa Bunge la 2020 hadi 2025, kila mkoa ulikuwa na majimbo saba. Iringa: Iringa Mjini, Kalenga, Isimani, Kilolo, Mufindi Kaskazini, Mufindi Kusini na Mafinga Mjini. Mbeya: Mbeya Mjini, Mbeya Vijijini, Rungwe, Busokelo, Kyela, Mbarali na Lupa. Yaani ukivuka mpaka kutoka kwetu kwenda kwao, kura yako inapungua uzito kwa nusu njiani.

Jiji la Mbeya peke yake lilikuwa na watu zaidi ya nusu milioni na mbunge mmoja. Mafinga Mjini, ambao watu wake hawafiki hata theluthi ya wale wa Jiji la Mbeya, nao walikuwa na mbunge mmoja. Hatimaye mwaka 2025 Mbeya Mjini iligawanywa, likazaliwa Jimbo la Uyole, na mkoa ukawa na majimbo manane. Hiyo ni nafuu ya watu 293,000 kwa kila mbunge badala ya 335,000. Sisi Iringa tunabaki na 170,000.

Dar es Salaam ndiyo lumbesa yenyewe. Watu 5,383,728 waliwakilishwa na wabunge kumi wa majimbo. Ukonga na Mbagala zilipogawanywa, yakaongezwa majimbo ya Kivule na Chamazi, wakawa kumi na wawili. Bado kila mmoja ana watu kama 448,600. Mama lishe wa Mbagala na mkulima wa Kalenga wote ni Watanzania wa Bara, wanalipa kodi ile ile kwenye sukari, sabuni na bando la simu. Kura ya mkulima inazidi ya mama lishe kwa zaidi ya mara mbili na nusu. Hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini.

Wazee wetu waliwahi kuonja jambo hili kwa ukali zaidi. Katika uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959, kila jimbo lilitoa wajumbe watatu wa Baraza la Kutunga Sheria: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni nane, Wazungu elfu ishirini na ushei, na viti ni sawa kwa sawa. Haki ya kupiga kura nayo ilikuwa na ngazi: uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. TANU iligawanyika vibaya juu ya kushiriki au kususa, mpaka mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulipoamua kushiriki ili kuuvunja mfumo ukiwa ndani. Zuberi Mtemvu akajitoa kwa hasira. TANU ilidai uhuru kwa hoja kwamba mtu ni mtu na kura ni kura. Hoja haikuwa ya rangi tu. Ilikuwa ya hesabu.

Sasa tuje kwenye utetezi, maana upo na baadhi yake una uzito. Wa kwanza ni ukubwa wa eneo. Katiba, ibara ya 75, inaitaka Tume izingatie hali ya kijiografia na upatikanaji wa mawasiliano. Ni kweli. Anayewakilisha Isimani anasafiri kwenye vumbi la siku nzima kufika vijiji ambavyo mwenzake wa mjini angevimaliza kwa bodaboda asubuhi moja. Ludewa na Makete si Kinondoni. Lakini ugumu wa safari ni sababu ya kumwongezea mbunge mafuta, ofisi na wasaidizi. Si sababu ya kumwongezea mwananchi kura. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani iliyakataa madai ya aina hiyo kwa kusema kuwa wabunge huwakilisha watu, si miti wala ekari. Maneno hayo yanafaa kusomwa Mufindi, kwenye miti na chai kuliko popote nchini.

Utetezi wa pili ni mipaka ya utawala: jimbo lisivuke halmashauri mbili, kata isigawanywe. Huu nao una mantiki, lakini unafungua mlango wa nyuma. Wilaya na halmashauri huanzishwa kwa amri ya Serikali. Ukitaka jimbo kesho, anzisha halmashauri leo. Mji mdogo wenye wakubwa wanaousemea unapata halmashauri, halmashauri inadai jimbo, na hesabu ya watu inafuata nyuma ikihema.

Utetezi wa tatu ulitushangaza. Kati ya vigezo ambavyo Tume ilivitaja ni uwezo wa ukumbi wa Bunge. Yaani idadi ya viti vya kukalia pale Dodoma ni sehemu ya sababu ya wewe kuwakilishwa au kutowakilishwa. Kama ukumbi umejaa, dawa haina siri: hamisha viti kutoka penye vingi peleka penye vichache. Ila kuhamisha kunauma, na kuongeza hakuumi. Ndiyo maana kila ukaguzi wa mipaka unaishia kuzaa majimbo mapya, na ni nadra kuua la zamani.

Tukiuliza nani anashika mkasi, jibu ni Tume, baada ya kupata kibali cha Rais. Rais huyo kwa kawaida ni mwenyekiti wa chama chenye wagombea katika kila jimbo. Tukiuliza nani anaweza kupinga, ibara ya 74(12) inajibu kwamba hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza jambo lililofanywa na Tume katika kutekeleza kazi zake. Katiba inataka mapitio angalau mara moja kila miaka kumi. Haisemi popote jimbo likizidi wastani kwa kiasi gani limekuwa haramu. Tuna siku ya kupima, tuna mpimaji, hatuna jiwe la mizani.

Kenya, iliyokuwa ya nne kwenye orodha ile, ililiandika jiwe hilo. Katiba yake ya 2010, ibara ya 89, inasema idadi ya watu wa jimbo ikaribiane na wastani wa nchi, na isizidi wala kupungua kwa zaidi ya asilimia 40 kwa miji mikubwa na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Haikuwaponya moja kwa moja. Mapitio yaliyotakiwa kukamilika Machi 2024 hayakukamilika kwa wakati kwa sababu tume yao haikuwa na makamishna. Lakini mwananchi wa Kenya anajua kipimo ni kipi, na anaweza kwenda mahakamani nacho mkononi.

Tulichukua kipimo hicho tukakiweka juu ya Bara. Wastani ni 269,600, hivyo asilimia 30 inaruhusu jimbo la kawaida kuwa na watu kati ya 188,700 na 350,500. Iringa, yenye 170,000 kwa kila mbunge, iko chini ya sakafu. Ili mkoa wetu uingie ndani ya sheria ya namna hiyo, majimbo saba yanapaswa kuwa sita. Na kama viti vingegawiwa kwa idadi ya watu bila huruma yoyote, Iringa ingepata vinne na sehemu ya cha tano, Mbeya karibu tisa, na Dar es Salaam ishirini.

Hapa ndipo msomaji wetu wa Ipamba au Kalenga atatuuliza: mmetumwa na nani? Kama kura yetu inapimwa vizuri kuliko ya wengine, kwa nini tuirudishe sokoni?

Jibu la kwanza ni la haki, na haki haihitaji maelezo marefu. Mkulima aliyelia miaka yote juu ya lumbesa hawezi kukaa kimya siku lumbesa inapombeba yeye.

Jibu la pili ni la faida. Uzito huu wa kura umetupatia nini? Nyanda za Juu Kusini hazijawahi kukosa wakubwa bungeni. Spika wa kwanza Mwafrika, Chifu Adam Sapi Mkwawa, alitoka hapa Kalenga, mjukuu wa Mtwa Mkwawa, na alikikalia kiti kile tangu 1962 hadi 1994, ukiondoa miaka michache katikati. Anne Makinda wa Njombe alikuwa mwanamke wa kwanza kukikalia, 2010 hadi 2015. Tulia Ackson wa Mbeya alikishika kuanzia 2022. Mbunge wa Kalenga William Mgimwa alikuwa Waziri wa Fedha alipofariki Januari 2014. Maspika watatu, mshika hazina mmoja, na majimbo mepesi. Kama uwakilishi ni viti na vyeo, nyanda hizi zimeshiba.

Ila Juni 2017 Serikali ilipiga marufuku mahindi kuuzwa nje ya nchi. Bei ikaporomoka katika mikoa ile ile inayoilisha nchi: Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe, Rukwa, Ruvuma. Mkulima aliyekuwa na mtoto anayedaiwa ada hakuweza kungoja. Katazo liliondolewa baadaye, wakati aliyekwisha kuuza amekwisha kuuza. Hoja ya kuzuia njaa ilikuwepo na inastahili kusikilizwa. Tunachosema ni kwamba viti vyote vya nyanda hizi, na uzito wao wote, havikumpa mkulima nafasi ya kuulizwa kabla ya uamuzi. Kura nzito haikuzaa sikio.

Wanazuoni wamelipima hilo pia. Mwaka 2014 Martin Gilens na Benjamin Page walichapisha uchambuzi wa maswali 1,779 ya sera nchini Marekani, ya tangu 1981 hadi 2002. Walitaka kujua uamuzi wa serikali ulifuata matakwa ya nani. Wakaona kuwa matakwa ya mwananchi wa kipato cha kati, yakitenganishwa na ya matajiri na makundi yenye nguvu, hayakuwa na athari inayoonekana. Wenzao waliwapinga, wakisema tajiri na mtu wa kati hukubaliana kwa mambo mengi, hivyo si rahisi kusema nani alishinda. Ubishi huo unaendelea. Lakini funzo linatufikia hata sisi: usawa wa kura ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mbunge anamwogopa nani.

Kwetu, mbunge anaogopa chama, na Katiba ndiyo iliyomfundisha. Huwezi kugombea bila kudhaminiwa na chama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania hilo kwa takriban miaka ishirini, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikaamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Mgombea binafsi bado hayupo. Ndani ya chama, jina linaanzia kwa wajumbe, linapanda vikao vya juu, na si lazima aliyeongoza ndiye anayerudi. Mitaani watu walishalitania hilo tangu 2020: wajumbe si watu wazuri. Na akishapata ubunge, chama kikimvua uanachama, ubunge umekwisha. Wananchi 170,000 wakimchoka, wasubiri miaka mitano. Mtu yeyote mwenye akili angejua pa kuelekeza macho.

Viti maalumu vya wanawake vimeonyesha shida hiyo kwa uwazi zaidi. Vimefanya kazi kubwa. Bila hivyo Bunge lisingekuwa na wanawake zaidi ya theluthi. Lakini mbunge wa viti maalumu hana jimbo, na anayempa kiti ni chama. Wanawake 19 waliovuliwa uanachama na CHADEMA mwishoni mwa 2020 walibishana na chama chao mahakamani huku wakiendelea kukaa bungeni. Mawakili waliulizwa, Spika aliulizwa, majaji waliulizwa. Hakukuwa na mpiga kura wa kuuliza, kwa sababu mfumo haukumweka. Rasimu ya Warioba ilipendekeza njia nyingine: kila jimbo liwe na wabunge wawili, mwanamke na mwanamume, wote wa kuchaguliwa na wananchi. Wazo hilo lilistahili kujibiwa kwa hoja, si kwa kuwekwa kabatini.

Ajabu ni kwamba dawa ya uwajibikaji tunayo tayari, ila tumeiweka kijijini tu. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Ukitaka kuona uwakilishi, nenda ukaukalie mmoja. Mtendaji anasoma mapato na matumizi. Mama aliyekaa chini, kanga begani, ananyoosha mkono: mabati ya zahanati yalikuwa mangapi, na mbona yaliyopauliwa hayafiki idadi hiyo? Mwenyekiti hawezi kusema suala liko kwenye mchakato, maana zahanati iko hapo nyuma ya mgongo wake na kila mtu anaweza kwenda kuhesabu. Atajibu, au atazomewa. Vipo vijiji ambako mkutano hauitwi mwaka mzima, tunajua. Lakini huko wananchi wana sheria ya kuidai.

Mbunge hana kifungu cha namna hiyo. Anakuja akitaka, na msafara, na mara nyingi na mchango wa saruji. Anasimama, anapigiwa makofi, anauliza kama kuna swali, anatazama saa. Mwenyekiti wa kijiji anayesimamia zahanati moja anabanwa na sheria mara nne kwa mwaka. Anayepitisha bajeti ya taifa habanwi hata mara moja.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, na tunayapendekeza kwa pamoja. La kwanza bila mengine ni hesabu tupu, na mengine bila la kwanza ni upendeleo.

Kwanza, Katiba iandike kipimo. Ndani ya Bara, jimbo lisizidi wala kupungua wastani kwa zaidi ya asilimia 30, na asilimia 40 pale penye sababu iliyoandikwa na kutangazwa. Zanzibar ibaki na idadi ya viti itakayokubaliwa na pande mbili za Muungano, lakini ndani ya Zanzibar nako majimbo yapimwe kwa wastani wa Zanzibar. Hapo mapatano ya Muungano yanaheshimiwa bila kuwa kichaka cha kufichia mengine.

Pili, kibali cha Rais kiondolewe kwenye ukataji wa mipaka, na mlango wa mahakama ufunguliwe kwa suala hilo. Tume inayoitwa huru haina sababu ya kukata jimbo kwa ruhusa, wala ya kuogopa jaji kama hesabu zake ziko sawa. Mapitio yafanyike ndani ya miaka miwili baada ya sensa. Safari hii maoni yalikusanywa mwanzoni mwa 2025, majimbo yakatangazwa Mei, uchaguzi ukafanyika Oktoba, na chama kikuu cha upinzani hakikuwamo kwenye karatasi za kura. Mwananchi wa Kivule au Uyole alipata jimbo jipya, wagombea wapya na miezi mitano ya kuzoea vyote.

Tatu, mbunge alazimishwe kisheria kufika katika kila kata angalau mara moja kwa mwaka, kwenye mkutano wa hadhara uliotangazwa siku 14 kabla, akiwa na taarifa ya maandishi: alichosema bungeni kwa Kiswahili kile kile tunachokielewa sote, alichopigia kura ya ndiyo na hapana, na jinsi Mfuko wa Jimbo ulivyotumika. Mfuko huo wenyewe, tukumbushe, sehemu kubwa hugawiwa kwa kuangalia idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Kama fedha tunaweza kuzigawa kwa kanuni, viti vinatushinda nini? Asiyefika bila udhuru akatwe posho. Wananchi wawe na njia ya kumwondoa asiyefika kabisa.

Tunajua la kwanza litaitwa usaliti hapa Iringa. Wapo watakaosema mkoa haujipigi mwenyewe. Sisi tunaona mkoa wenye wabunge sita wanaokuja kujibu una nguvu kuliko mkoa wenye saba wanaokuja kuaga. Na madai haya yakitoka Dar es Salaam yataonekana ya uchoyo. Yakitoka kwa anayepoteza, yatalazimisha watu kusikiliza.

Waheshimiwa wabunge wa Iringa, kanuni zinamruhusu yeyote kati yenu kupeleka hoja binafsi. Ukaguzi ujao wa mipaka bado uko mbali, wagombea wa 2030 hawajajipanga, na hakuna mtu ambaye leo anajua kwa hakika ni jimbo lake litakalokatwa. Huu ndio muda pekee ambao sheria ya mipaka inaweza kuandikwa bila kila mwandishi kutazama kiti chake. Hoja ipelekwe katika mkutano ujao wa Bunge, ipigiwe kura kwa kutaja majina, na orodha ya majina hayo ibandikwe katika kila ofisi ya kata.